Paris nishafika, lakini mkate wa duka la chini siwezi kununua mwenyewe

Assalaam alaykum Shangazi,

Mie ni msomaji wako wa kimya kimya tangu niko skuli, sikudhani ipo siku nitakuandikia, lakini leo bwana yupo zamu ya usiku na usingizi umekataa kuja basi nimeona bora niseme na mtu hata kama mtu mwenyewe hanioni.

Nina miaka 24, Unguja ndo kwetu, nimezaliwa na kukulia Michenzani kwenye yale majumba marefu. Nimeolewa Februari mwaka jana na kijana wa kwetu ambae huu mwaka wake wa 12 yuko Ujerumani, na uraia wa huko ameshachukua. Tulikula fungate Nungwi wiki mbili, akarudi zake kazini, mie nikabaki Dar kwa mama mdogo nasoma Kijerumani maana mtu kama mie bila cheti cha A1, ile hatua ya mwanzo ya lugha, ubalozi haukupi visa ya kumfata mume, nikakaa mtihani nikafaulu alhamdulillah, Oktoba nikaingia Leipzig.

Ajabu ya Mungu Shangazi, tunakaa ghorofa ya tano mtaa unaitwa Grünau, siku ya kwanza nilipoyaona majumba ya huku nilicheka peke yangu kwenye tramu, Michenzani tupu! Bwana ndo ananambia wenyewe ni hao hao, Wajerumani wa Mashariki waliokuja kwetu enzi za Mzee Karume. Tofauti ni ngazi tu. Kwetu ngazi ndio baraza, watoto, vikapu, mtu anauza ubuyu, ukishuka kununua chumvi unarudi baada ya saa nzima na habari za mtaa mzima. Huku nashuka ngazi nasikia ndala zangu tu.

Sasa bwana'angu kwakweli sina la kumlaumu, na ndo maana naona aibu kuandika. Mpole, hanywi, hanifokei, anapika vizuri kuliko mie. Na anapenda kutembea. Tangu nimefika tushakwenda Prague, Vienna, Amsterdam na Paris, kila akipata siku tatu za mapumziko anakuja na tikiti za basi kwenye simu anasema haya bibi harusi panga nguo. Mabasi ya usiku, unalala umekaa, unafika asubuhi shingo imekakamaa, mnatembea kutwa mpaka miguu inawaka moto, mnapiga picha, mnarudi. Paris nilikwenda Disemba mvua inanyesha na ule mnara kichwa chote kimeingia mawinguni nimeuona kiuno na miguu, lakini picha zilitoka nzuri hizo usiseme! Nkaweka status. Wallahi simu haikulala siku hiyo.

Na hapo ndo balaa jengine. Kule nyumbani wanajua mie nafaidi tu. Wifi yangu ananipigia, mtu wa Paris hata chupa ya manukato hujanikumbuka? Binamu anataka ada. Somo wangu alienifunda kaniandikia "umepata mwanangu, tulia". Mama nikimpigia namwambia nzuri, nzuri, kila kitu nzuri.

Lakini katikati ya hizo safari Shangazi ndo kuna siku zenyewe. Bwana anafanya kazi kwenye maghala ya mizigo upande wa uwanja wa ndege, zamu zake zinazunguka, mie nipo ndani. Disemba saa 10 za jioni kiza kishaingia. Vitu vya dukani ananunua yeye, barua anafungua yeye, daktari ananipeleka yeye na anajibu yeye, naumwa tumbo mie anaelezea yeye. Idd hii iliopita ilikuwa siku ya kazi, nikapika pilau, nikafukiza udi kama kwetu, kile kidude cha moshi kwenye dari kikaanza kupiga kelele nikapanda juu ya kiti nakipepea na kanga nalia nacheka. Ndo Idd yangu hiyo. Chini ya nyumba pana duka la mkate, nalipita kila siku harufu inanivuta, siingii, kwasababu yule dada wa dukani siku moja aliniuliza kitu kwa haraka, si kile Kijerumani nilichosoma Dar, nkasema ja ja, yaani ndio ndio, akanipa mkate sio.

Sasa lililonifanya niandike. Januari bwana yuko zamu ya mchana anarudi saa 5 na nusu usiku. Saa 2 nimeshuka kutupa taka, nimevaa kanga na koti la bwana juu yake, ndala na soksi. Napanda juu, mlango umejifunga. Milango ya huku ikirudi tu basi kwa nje haifunguki mpaka ufunguo, na ufunguo uko ndani na simu iko ndani. Nikakaa kwenye ngazi. Taa ya ngazi yenyewe inazima kila baada ya dakika mbili, nainuka nabonyeza, nakaa, inazima tena. Akatoka bibi mmoja wa ghorofa ya nne, sijawahi kumsalimia, akaniangalia, akasema neno moja, "Tee?", yaani chai. Nikaenda nae. Akanipa na blanketi. Akaniuliza namba ya mume wako, nikafahamu swali lakini Shangazi namba ya mume wangu siijui kichwani! Anafanya kazi wapi? Uwanja wa ndege, naweza kusema. Kampuni gani? Sijui. Yule bibi akaandika kikaratasi akakipandisha juu akakibandika mlangoni kwetu, tukakaa tunaangalia tivii mpaka bwana alipokuja.

Bwana alicheka, akanikumbatia, akanambia pole mpenzi, basi usiwe unatoka nikiwa sipo, taka ntatupa mie.

Kutoka siku ile nina kitu hapa kifuani. Kuna karatasi ya kwenda kozi ya lugha, ile ya serikali, tulipewa ofisi ya uhamiaji Novemba, imo kwenye droo mpaka leo. Nikimgusia anasema tufaidi kwanza, kozi ni kila siku asubuhi, ukianza hatusafiri tena, na ukija kuzaa ndo utakaa nyumbani kabisa. Mwezi ujao keshakata tikiti za Venice. Mkoba wa safari anapanga yeye, pasipoti yangu na ile kadi ya ukaazi anaweka yeye kwenye begi lake la makaratasi kazini nisije nikapoteza, kwahiyo mie kazi yangu nguo tu. Nataka nimwambie sitaki Venice nataka kozi, lakini nimwambieje asione sina shukrani? Wenzangu wanalilia mume wa kuwapeleka hata Bagamoyo.

Bi Harusi wa Ghorofa ya Tano, Leipzig

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka na kile kidude cha moshi, mie mwenyewe nimekaa Hamburg miaka tisa na udi wangu nilikuwa nachomea barazani kwenye baridi nimejifunga blanketi kama mlinzi. Mara ya pili sikucheka. Kuna sentensi moja umeipitisha haraka katikati ya habari za nguo na mkoba, kwamba pasipoti na kadi yako ya ukaazi vimo kwenye begi lake kazini. Hiyo ndo imenifanya niweke chai chini, Venice na kozi vitafata.

Pasipoti hiyo ina jina lako na kadi ile ina jina lako, havitakiwi kulala kwenye kabati la kazini kwa mtu mwengine hata akiwa mume, hata akiwa malaika. Ungeanguka barabarani, ungekamatwa na mkaguzi kwenye tramu, nyumba ingewaka moto, ungejitambulisha na nini? Na kanga? Kwahiyo kabla hujagusa habari ya kozi, wiki hii hii, mwambie kawaida tu bila kununa, "bwana leo niletee pasipoti na kadi yangu ntaviweka kwenye sanduku langu." Usieleze sana. Halafu muangalie. Akisema haya na kesho kaleta, mmemaliza, alikuwa na woga wake wa kupoteza makaratasi na woga huo waliokaa ugenini tunaujua, mie nilikuwa nalala na faili langu chini ya mto. Akipiga chenga, mara nimesahau, mara vya nini, mara huniamini, mkumbushe mara ya pili. Akikataa kabisa hapo hadithi imebadilika na mie sio Shangazi wa kukwambia vumilia. Kuna namba Ujerumani nzima, 116 016, ya wanawake, bure, usiku na mchana, huhitaji kutaja jina, wana wakalimani wa lugha nyingi, Kiingereza na Kiarabu vimo. Iandike popote. Pia kuna ofisi za ushauri kwa wahamiaji mijini, nazo bure, nenda ukakae mbele ya mtu akueleze haki zako. Ujue na hili kwa faida yako, mke aliekuja kwa mume anapata haki ya kubaki kwa nafsi yake baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja kwenye ndoa humo humo Ujerumani, na anaetendewa ukatili sheria imemuachia njia hata kabla ya hiyo mitatu. Sikutishi. Nakwambia kwasababu watu wengi huambiwa na waume zao kwamba wakifungua mdomo watarudishwa kwenye ndege kesho yake.

Haya, tuseme ameleta, na kwa ulivyomuelezea naona ataleta. Maana huyu simuoni kama mtu mbaya. Namuona mtu aliekaa miaka kumi na kitu peke yake anabeba mizigo ya watu usiku, anarudi kwenye ghorofa ya tano kwenye ukimya ule ule ulioukuta wewe, na kila mwaka anajisemea nikioa ntatembea. Sasa kaoa anatembea! Hizo safari ni ndoto zake, kakuchukua kakuweka ndani ya ndoto, amesahau kwamba yeye Leipzig alishafika zamani na wewe hujafika bado. Unatoka ndani ya nyumba usiyoijua unakwenda mji usioujua unarudi. Hata mie ningechoka.

Ila lile neno lake la usiku wa mlango, hilo simsamehei haraka. Mke kakaa kwenye ngazi za baridi na ndala, na dawa anayoiona yeye ni mke asitoke. Mwanangu dawa ya mlango ni ufunguo wa pili. Alitakiwa asubuhi yake akuchukue mkachonge wa akiba, akuandikie namba yake na jina la kampuni ukutani kwa kalamu kubwa. Amekupunguzia kazi moja nyengine tu, sasa hata taka hutupi. Na kila anachokufanyia kwa mapenzi anakutoa kitu mkononi, barua, daktari, duka, mpaka umebaki na nguo za mkobani. Sidhani kama analiona hilo. Usingoje alione, muoneshe wewe.

Kozi sasa. Hiyo karatasi kwenye droo usiifanyie mchezo, ina muda wake. Kozi yenyewe ni vipindi 600 vya lugha na 100 vya kujua nchi yao, sheria na historia na mambo hayo, na anaelipa anachangia euro mbili na kitu kwa kipindi, jumla unaona kama 1,600 hivi, alie na kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Bwana ako anajua hesabu, piga nae hesabu. Prague, Vienna, Amsterdam, Paris, chumba cha hoteli, chakula cha barabarani, zinakwenda ngapi hizo? Na visa yako inakuruhusu kufanya kazi, ukiongea unaingia kazini na mshahara wa pili unaingia nyumbani, hapo hiyo Venice mtakwenda kwa ndege na shingo zenu nzima.

Na akikwambia lugha utaiokota tu nyumbani, mwambie habari ya wazee wetu. Unguja ilipeleka vijana Ujerumani Mashariki miaka ya sitini, na wageni waliopelekwa kusoma kule wengi walianzia hapo hapo Leipzig kwenu, Herder-Institut, wanafundishwa Kijerumani kwanza ndio wanapelekwa kwenye fani zao. Hakuna alietembezwa kuangalia minara. Walisoma kwanza, na ndo mji wenyewe unaoishi!

Namna ya kumwambia umeuliza na hilo ndo umeuliza hasa. Usimwambie kwenye basi, usimwambie akitoka zamu. Siku ya mapumziko, ameshalala akaamka, ameshakula, mwambie hivi, "Bwana'angu, nashukuru kila ulikonipeleka. Usiku ule kwa bibi wa chini aliniuliza namba yako sikuijua, na tangu siku ile naogopa. Nataka kuanza kozi mwezi ujao. Venice twende, tumeshalipia, lakini baada ya hapo tupumzike mpaka nimalize hatua ya kwanza." Mpaka hapo nyamaza. Usimalize sentensi na "au unaonaje" kwa ile sauti ya kuomba radhi, nawajua nyie, mnasema jambo zuri halafu mnalikanyaga wenyewe. Akisema huna shukrani mwambie mwenye shukrani ni mimi ndo maana nataka kuwa mtu wa kukusaidia kufungua barua. Na usipime mume wako kwa wenzako wanaolilia kwenda Bagamoyo, wao Bagamoyo wakishuka kwenye daladala wanajua kuuliza njia.

Wakati unasubiri kozi ifunguliwe kuna vitu havihitaji ruhusa wala darasa. Namba yake ikariri leo kabla hujalala, iimbe kama ulivyoimba kaswida. Ufunguo wa pili mpe yule bibi wa ghorofa ya nne, yeye ndie jirani yako, kwa Wajerumani wa majumba hayo mtu akikubandikia kikaratasi mlangoni kwako ni jambo kubwa, usilione dogo. Mkaangie visheti umpelekee kwenye sahani, na wale wa rika lake sahani hairudi tupu, utaona. Ukae nae umsikilize anavyoongea, kile Kisaksoni chao, lahaja ya huko, kinawachanganya hata Wajerumani wenyewe wa kwengine, kwahiyo dada wa mkate usimuogope, tatizo sio wewe peke yako. Dukani ingia asubuhi mapema pasipo foleni, onesha kwa kidole, sema moja, sema tafadhali, lipa. Akikupa sio, kula hivo hivo, kesho rudi. Halafu siku moja panda tramu mwenyewe mpaka Eisenbahnstraße, kule Waarabu na Waturuki wamejaa, nyama ya halali utapata, na bamia na viungo, na kile Kiarabu chako cha chuoni hata salamu tu zitakufungulia njia. Rudi na mfuko wako. Bwana akirudi akute pilau na asiulize nyama katoa nani.

Safari msiache kabisa, mie sipendi watu wanaoacha raha. Ila inayofata panga wewe. Mji wa karibu, Dresden au Berlin, kwa treni za mkoa zinazokubali ile tikiti ya mwezi ya nchi nzima, unaitafuta njia wewe, unabadilisha treni wewe, yeye anakufata nyuma amebeba mkoba. Treni ikichelewa mtakosa ya pili mtakaa stesheni saa nzima, poa tu, uulize wewe kwa yule mwenye kofia inayofata lini.

Na hapa nikuguse na wewe kidogo, usinune. Status ya Paris umeweka wewe. Ulijua mnara umeuona nusu na shingo inauma, ukaweka ile picha ya kucheka, halafu unashangaa binamu anataka ada. Mama umemwambia nzuri nzuri nzuri, sasa mama wa watu atakusaidia nini na hajui? Mpigie kesho, mueleze habari ya mlango na ngazi, atalia kidogo halafu atacheka, halafu atakuwa anapiga kila siku saa bwana akiwa kazini, na ndani hutakuwa kimya tena. Somo wako muambie alisahau mada moja, milango ya Wajerumani.

Binamu mwambie huna kazi, ndo ukweli. Wifi akipiga tena kwa manukato ya Paris mpelekee chokoleti, zile za duka la chini za chini ya euro mbili, karatasi yake ya dhahabu, hatajua. Na uzinunue mwenyewe.